Kurudia Kemia ya Jumla kwa Simu: Ninavyochagua Pa Kusoma

Mtihani wa kujiunga na masomo ya famasia unakaribia, na kemia ya jumla imebeba sehemu kubwa ya maswali. Mimi ni mhudumu wa wodini. Kemia niliisoma zamani, na sasa nairudia kwa simu, mara nyingi baada ya zamu ya usiku, usingizi ukiwa tayari unabisha hodi. Kwa mtu mwenye muda mfupi kiasi hicho, kujua pa kusoma mtandaoni ni sehemu ya kazi yenyewe.

Vyanzo vya bure ni vingi, na vingi ni vizuri kweli. Ndiyo maana watu wanapotea. Nina wenzangu ambao simu zao zimejaa video zilizohifadhiwa na vitabu vilivyopakuliwa, lakini ukiwapa mlinganyo wa kusawazisha wanaanza kutafuta video nyingine. Kwangu, chanzo kinachaguliwa na swali lililonishinda. Bila swali hilo mkononi sifungui kitu.

Kwa hiyo naanza na karatasi ya maswali. Natafuta mtihani uliopita wenye majibu yaliyofafanuliwa, naufanya wote bila kitabu, kisha naupitia swali kwa swali nikiandika pembeni kilichonikwamisha. Alama zangu ni tatu tu: sijui, najua ila hesabu imegoma, najua ila nimechelewa. Kila moja inadai dawa yake. Penye "sijui" nahitaji mtu anieleze dhana tangu mwanzo. Hesabu ikigoma, nahitaji mifano iliyokokotolewa hatua kwa hatua na baada yake rundo la maswali ya aina hiyohiyo. Nikichelewa, maelezo hayanisaidii tena. Nahitaji saa na maswali mengine. Mtu anayetazama video ya dakika arobaini kuhusu jambo analolijua, kwa sababu tu alilikosa kwa haraka, anapoteza usiku mzima.

Kama mtihani wako hauna karatasi za nyuma zinazopatikana, College Board, taasisi ya mitihani ya Marekani, huweka wazi kwenye tovuti yake maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita ya AP Chemistry, mtihani wa kemia wa ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa sekondari, pamoja na miongozo ya kusahihisha. Mimi sifanyi mtihani huo, lakini miongozo yake naithamini sana. Inaonyesha alama moja inatolewa kwa hatua ipi, na ni maelezo gani yanahesabika kuwa yamekamilika. Ukisoma miongozo michache unaanza kuona kwamba "kwa sababu klorini ina nguvu zaidi" si jibu, na kwamba lazima useme kitu kuhusu chaji ya kiini na umbali wa elektroni.

Kuandika pembeni kuna faida nyingine kubwa: mada unayoshindwa mara nyingi siyo ile iliyotajwa kwenye swali. Chukua swali la titresheni, yaani kupima ukolezo wa mmumunyo mmoja kwa kuumwagia mwingine mpaka viishane nguvu. Mililita 20 za asidi ya salfuriki zimehitaji mililita 25 za sodiamu haidroksaidi yenye ukolezo wa moli 0.100 kwa lita (moli ni kizio cha kuhesabia chembe) ili kuisha nguvu kabisa. Tafuta ukolezo wa asidi. Mwanafunzi akipata 0.125 atakimbilia kutafuta masomo ya asidi na besi, ataangalia pH, bafa (mimumunyo inayozuia pH isibadilike sana) na viashiria, na kesho atakosa swali lilelile. Ukweli ni kwamba asidi na besi anazijua. Kilichomponyoka ni uwiano: moli moja ya asidi hiyo, H₂SO₄, inakula moli mbili za besi, NaOH. Moli za besi ni 0.0025, za asidi ni nusu yake, yaani 0.00125, na ukigawanya kwa lita 0.020 unapata 0.0625. Huyo anatakiwa kurudi kwenye stoikiometria, hesabu za uwiano wa moli, sura kadhaa nyuma. Naamini nusu ya maswali "magumu" ya kemia ya jumla yako hivi. Usawa wa kikemia, gesi, elektrokemia, vyote vinaingilia mlango wa moli.

Baada ya kujua ninachotafuta, nashika kitabu kimoja kiwe uti wa mgongo. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na kwenye kemia hilo nimeliona kwa macho: vitabu viwili hupanga mada tofauti, hutumia alama tofauti, na ukirukaruka kati yao unajikuta unajifunza mpangilio badala ya kemia. Changu ni kitabu cha kemia cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice. Toleo la pili lilitoka 2019, lina sura 21, na unaweza kulisoma kwenye tovuti au kulipakua zima kama PDF na kulisoma hata bando likiisha. Ninachokipendea ni jinsi mifano yake ilivyojengwa. Kila mfano una swali, hatua za kulitatua, na chini yake swali jingine dogo la kujipima lenye jibu. Nafunika hatua kwa karatasi, natatua mwenyewe, halafu nafunua. Mwisho wa kila sura kuna maswali mengi, na majibu ya sehemu yake yako nyuma ya kitabu.

Kama maelezo ya kitabu hayajaniingia, naenda LibreTexts. Ilianzia Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 2008 ikiitwa ChemWiki, na upande wake wa kemia umekuwa mkubwa mno. Ukubwa huo ni neema na ni mtego. Mada moja unaweza kuikuta imeandikwa na watu kadhaa kwa viwango tofauti, na ukurasa uliofungua kwa bahati unaweza kuwa wa kemia ya fizikia ya mwaka wa tatu. Naangalia kwanza uko chini ya kemia ya jumla au la. Nikikuta alama za kalkulasi kwenye aya ya kwanza, natoka.

Video ninazitumia kwa "sijui" peke yake. Khan Academy, iliyoanzishwa na Sal Khan, ina masomo mafupi ya kemia yenye mazoezi baada yake, na ufupi huo unafaa sana kwa mtu anayesoma akiwa amechoka. Kwenye YouTube, Tyler DeWitt anaeleza moli na kusawazisha milinganyo kwa utulivu ambao sijauona kwingine. Kwa aliyeanza upya kabisa ningempeleka huko kabla ya pengine popote. Chaneli ya The Organic Chemistry Tutor, pamoja na jina lake, ina maswali mengi ya kemia ya jumla yaliyokokotolewa. Anayetaka mihadhara kamili ya chuo kikuu ataikuta MIT OpenCourseWare, tovuti ya bure ya kozi za chuo cha MIT cha Marekani: kozi ya 5.111 inayofundishwa na Catherine Drennan, na 3.091 ya Donald Sadoway iliyorekodiwa 2010. Hii ya pili inaegemea kemia ya vitu vigumu, fuwele na metali, kwa hiyo si mada zote zitakazokuwa kwenye mtihani wako. Nimeitazama sehemu ya bondi na nikafurahi, lakini wiki za mwisho kabla ya mtihani si wakati wake.

Kuna jambo moja kuhusu video ambalo nalishikilia sana. Mwalimu akiandika swali ubaoni, nasimamisha hapohapo. Natatua kwenye daftari mpaka nifike mwisho au nikwame, ndipo naendelea. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambao kila mwanafunzi angefaa kuujua: waliosoma andiko tena na tena walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini walipopimwa baada ya wiki, walioshinda ni wale waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kuangalia. Kutazama mtu akitatua kunakupa hisia ya kuelewa, na hisia hiyo ni ya kweli kwa dakika zile. Mtihani hauji dakika zile.

Halafu kuna mambo ambayo maneno hayatoshi. Kwa hayo natumia PhET, simulesheni za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mradi huo aliuanzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Zinafunguka kwenye kivinjari cha simu, na kadhaa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Ile ya vitendanishi, mazao na mabaki inaanza na sandwichi kabla ya kuja kwenye molekuli: una vipande vya mkate na vya jibini, sandwichi ngapi zitatoka, nini kitabaki? Baada ya hapo swali la amonia linasomeka lenyewe. Gramu 28 za nitrojeni ni karibu moli moja, gramu 5 za hidrojeni ni karibu moli 2.48. Kwa kuwa N₂ moja inataka H₂ tatu, hidrojeni inaisha kwanza, na amonia inayotoka ni kama moli 1.65, yaani gramu 28 na kidogo. Wengi hutazama gramu na kudhani kilicho kichache kwa uzito ndicho kinachoisha. Hapa imetokea hivyo, lakini weka gramu 7 za hidrojeni uone: bado ni ndogo mara nne kwa uzito, na sasa nitrojeni ndiyo inayoisha.

Ile ya gesi nayo naipenda. Unaongeza joto, unaona chembe zinavyogonga kuta, unabana chombo, unaona shinikizo linapanda. Naizungusha kwa dakika chache nikijiuliza kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa nini namba imepanda. Vyanzo vingi nilivyovitaja viko kwa Kiingereza, na mtihani wangu pia, lakini kama siwezi kujieleza jambo kwa lugha ninayoiotea ndoto, najua bado sijalishika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, nalo limewaponza watu wanaojua kemia vizuri. Vyanzo vya mtandaoni havikubaliani kuhusu namba na kanuni za uandishi, na vyote vinaweza kuwa sahihi. Tafuta ujazo wa moli moja ya gesi. Tovuti moja itakuambia lita 22.4, nyingine lita 22.7, nyingine desimita za ujazo 24. Hakuna anayekudanganya. Lita 22.4 ni kwa nyuzi 0 za Selsiasi na shinikizo la atmosfia 1. Mwaka 1982 IUPAC, jumuiya ya kimataifa ya kemia, ilibadilisha shinikizo sanifu likawa baa 1, ambayo ni ndogo kidogo kuliko atmosfia, na kwa hiyo gesi inachukua nafasi kubwa zaidi: lita 22.7. Ile 24 ni ya joto la chumba, na inatumika sana kwenye mitihani ya mtindo wa Uingereza. Vitabu vingi bado vinashikilia 22.4. Ukijifunza kwa chanzo kinachotumia moja na mtihani ukatumia nyingine, kwenye swali la kuchagua lenye majibu yanayokaribiana unaweza kuzungushia jibu lisilo lako huku hesabu yako yote ikiwa safi.

Hali ni hiyohiyo kwa konstanti ya gesi R, namba isiyobadilika kwenye hesabu za gesi. Ni 0.0821 ukitumia lita na atmosfia, ni 8.314 ukitumia jouli, na hiyo 8.314 inafanya kazi vilevile ukiweka lita pamoja na kilopaskali. Makundi ya jedwali la elementi wengine wanayahesabu 1 hadi 18, wengine bado wanaandika namba za Kirumi, hivyo klorini utaikuta kundi la 17 huku na kundi la VII kule. Kwenye thermodinamiki vipo vitabu vinavyoandika badiliko la nishati kwa joto (q) na kazi (w) kuwa ΔU = q + w na vingine ΔU = q − w; tofauti ni nani anahesabiwa kuwa amefanya kazi, mfumo au mazingira yake. Kwa sababu hizi zote, kitu cha kwanza ninachopakua ni karatasi ya konstanti na fomula inayotolewa na mtihani wenyewe, ikiwa ipo, pamoja na silabasi. Naibandika ndani ya jalada la daftari. Nikifungua chanzo kipya nalinganisha: namba hii ni yetu? alama hii ni yetu? Kama siyo, nabadilisha palepale kabla ya kuendelea.

Jedwali la elementi lenyewe halihitaji kukaririwa, ila linahitaji kuchezewa. Ptable, tovuti aliyoitengeneza Michael Dayah, inakuruhusu kugusa sifa moja na kuona rangi zikibadilika safu kwa safu. Angalia nishati ya kwanza ya ionizesheni, yaani ya kung'oa elektroni moja kwenye atomu, kwenye safu ya pili. Inapanda kutoka kushoto kwenda kulia, lakini si moja kwa moja: berili ni kilojouli 900 hivi kwa moli, boroni inashuka hadi 801, nitrojeni 1402, oksijeni inashuka hadi 1314. Watunga mitihani wanapapenda sana hapo. Boroni inatoa elektroni ya obiti ya p, iliyo juu kidogo kwa nishati kuliko ile ya s ambayo berili inaitoa. Oksijeni ina elektroni mbili zilizobanana kwenye obiti moja ya p na zinasukumana. Ukiziona hizo mbonyeo mbili kwa macho yako kwenye jedwali, hautazisahau kama ambavyo ungezisahau kwa kuzisoma kwenye sentensi.

Na palipo na njia ya kuunganisha dhana na kitu ninachokishika, naiunganisha. Wodini natundika chupa za chumvi ya asilimia 0.9 kila siku. Asilimia hiyo ni gramu 9 za NaCl kwa lita. Gawanya kwa 58.44, unapata moli 0.154 kwa lita, na ndiyo maana lebo inaandika milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloridi. Jumla ni milimoli 308 za chembe za aina zote mbili kwa lita, na hapo sifa za mimumunyo zinazotegemea idadi ya chembe, ambazo kwenye kitabu zilikuwa kavu, zimepata mahali pa kukaa kichwani. Kila mtu ana chupa yake ya namna hii mahali fulani kwenye kazi au maisha yake. Itafute kabla ya kutafuta video nyingine.

Programu za akili mnemba natumia kwa uangalifu. Ninaipa hatua moja niliyokwama na kuuliza kwa nini imefanyika hivyo, au naomba maswali mengine matano ya aina hiyo. Kwa hilo inasaidia. Namba zake siziamini mpaka nizikokotoe mwenyewe na kufuatilia vizio mpaka mwisho, kwa sababu inaweza kuandika aya yenye mantiki nzuri kabisa na kumalizia na jibu ambalo halitokani nayo. Nikitaka thamani ya uhakika, mfano enthalpi (badiliko la joto) ya kutengenezwa kwa kampaundi, naenda NIST Chemistry WebBook, ya taasisi ya vipimo ya Marekani.

Kadi za kukumbuka, kwa programu ya Anki, nimeziwekea vitu vya kukariri tu: ioni zenye atomu nyingi kama nitrati, salfeti, fosfati na amoniamu, kanuni za chumvi zipi zinayeyuka, na asidi kali. Sina kadi ya jinsi ya kutatua swali. Hilo linajifunzwa kwa kalamu.

Neno kuhusu kutafuta kwenyewe. Jina la mada peke yake linakuletea kurasa za matangazo. Naandika mada, naongeza kwa Kiingereza maneno ya "maswali ya mazoezi yenye majibu", kisha filetype:pdf, ili yaje mafaili ya PDF tu. Mara nyingi zinakuja karatasi za mazoezi ambazo walimu wa vyuo wameziweka kwa wanafunzi wao, zikiwa na masahihisho. Hizo ndizo hazina halisi. Nazipanga kwenye simu kwa jina la mada, siyo la chuo, na nikishamaliza karatasi naifuta.

Kwa sasa orodha yangu ya "sijui" imebaki na elektrokemia (kemia ya umeme) na sehemu ya bafa. Bafa naanza nayo kesho, sura ya 14 ya kitabu, kisha simulesheni ya asidi na besi. Elektrokemia itafuata, kuanzia seli ya zinki na shaba: volti −0.76 upande mmoja, +0.34 upande wa pili, volti 1.10 katikati, na nataka niweze kumweleza mwenzangu wa zamu elektroni zinaelekea wapi na kwa nini, bila kuangalia simu.